Habari za Mbega na Masomo ya Kwanza ya Mtoto

Waalimu wengi hudhani ya kuwa historia ni somo la watoto wakubwa: kwanza mtoto ajue kusoma, ndipo aambiwe mambo ya kale. Sisi twaona sivyo. Mtoto asomaye sentensi tano zenye kufuatana amekwisha kuingia mlangoni mwa historia, maana amejua ya kuwa jambo moja lilitangulia na jingine likafuata. Twataka kuyaonyesha hayo kwa habari iliyopigwa chapa na misheni yenyewe, yaani habari ya Mbega, mkuu wa kwanza wa Wakilindi wa Usambara.

Habari hiyo imo katika kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi. Aliyekiandika ni Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, Mwislamu wa pwani, aliyekaa miaka mingi karibu na wakuu wa Wakilindi. Misheni ya UMCA huko Magila, katika nchi ya Bonde, ilikitoa kwa sehemu tatu kati ya mwaka 1895 na mwaka 1907. Tena mwaka 1962 kilitolewa upya Nairobi, kikiwa kimetengenezwa na J. W. T. Allen. Kitabu kizima ni kirefu, wala hakikuandikwa kwa watoto. Lakini mwalimu aweza kutoa humo maneno machache, akayaandika ubaoni kwa Kiswahili chepesi: «Mbega alikuwa mwindaji. Akaja Usambara. Akaua nguruwe. Akawapa watu nyama. Watu wakampa chakula cha mashambani. Watu wakamfanya mkuu wao.»

Na tuitazame lugha yenyewe. Sentensi ya kwanza ina -li-, nazo zilizobaki zina -ka-. Hiyo -li- yatuweka katika wakati uliopita, na kila -ka- yatusogeza hatua moja mbele. Mtoto wa miaka sita aliyezoea hadithi za bibi yake ayajua hayo kwa sikio, ingawa hajui kuyaeleza. Kazi ya mwalimu ni kuyaleta machoni yale ambayo sikio limekwisha kuyapokea.

Basi mwalimu na aandike sentensi hizo kila moja katika kipande chake cha karatasi ngumu, avichanganye, awape watoto wavipange. Wako watakaoweka «Watu wakamfanya mkuu wao» mbele ya «Akawapa watu nyama». Mwalimu asiseme upesi kwamba wamekosa, bali awaambie wasome walivyopanga, kisha awaulize: «Hapa, kwa nini Mbega awapa watu nyama?» Watajibu kwamba ni kwa kuwa yeye ni mkuu, na mkuu hugawia watu wake. Kisha wavipange kama kitabu kisemavyo, waulizwe tena. Sasa nyama imekuwa sababu ya ukuu: mgeni aliwaondolea watu nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawalisha, nao wakamtaka awatawale. Vipande ni vile vile, ila mpango umebadilika, na maana imegeuka. Mtoto aliyeliona jambo hilo amejifunza kuuliza sababu, naye hajafundishwa bado hata mwaka mmoja.

Jambo la pili ni kupambanua ngano na habari. Mwenye kutoa ngano husema «Paukwa», wasikilizao huitika «Pakawa», na hapo kila mtu ajua ya kuwa Sungura atasema kama mtu. Habari haina mlango huo. Habari hutaka kuulizwa: nani asema? Aliona mwenyewe, au alisikia? Abdallah hakumwona Mbega, bali aliandika yale yaliyosimuliwa na wazee, vizazi vingi baada ya mambo yenyewe. Kimweri ya Nyumbai ni mwingine: Krapf alifika kwake Vuga mwaka 1848, akamwona kwa macho, akaandika. Zote mbili ni habari, lakini hazina mashahidi wa namna moja. Kwa hiyo twashauri kwamba mtoto aletapo neno kutoka nyumbani, mwalimu aliandike ubaoni pamoja na mwenyewe: «Babu asema…», «Bibi alisikia kwa mama yake…». Maneno hayo mawili matatu yamzoeza mtoto kumtafuta shahidi.

Wala hili si jambo dogo. Kimweri alipokufa mwaka 1862, wakuu wa Wakilindi walipigana wao kwa wao, na watu wengi wakauzwa utumwani pwani. Mwishoni mwa miaka kumi hiyo Wabondei waliwaondokea Wakilindi, wakawaua wengine na kuwafukuza wengine. Vita hivyo huitwa Kiva. Na kitabu cha Wakilindi kilipigwa chapa papo hapo katika nchi ya Wabondei. Uchifu umekwisha kuondolewa kwa sheria tangu mwaka 1963, lakini darasani huenda wakakaa pamoja mjukuu wa aliyetawala na mjukuu wa aliyeuzwa. Mwalimu akisoma habari za upande mmoja kana kwamba ndizo zote, mmoja atainua kichwa na mwenzake atainamisha. Akiuliza kila mara «Nani asema?», kila mtoto atakuwa na neno la kuleta.

Tena liko jambo la meno. Kitabu chasema kwamba Mbega alikuwa kigego, yaani meno yake ya juu yaliota kwanza, na kwa hiyo jamaa zake huko Nguu walimchukia na kumnyima urithi. Zamani, katika makabila mengi ya nchi hizi, mtoto kigego alihesabiwa kuwa mkosi, na mara nyingi aliuawa. Watoto wa darasa la kwanza wanang'oka meno. Hakuna habari iliyo karibu nao kuliko hiyo. Mwalimu asiiruke kwa haya, wala asiisome kwa kucheka, maana hajui ni nani kati yao aliyewahi kusikia nyumbani neno hilo likisemwa juu yake. Na asome mpaka mwisho, ili wote waone ya kuwa yule aliyekataliwa na jamaa zake ndiye aliyetakwa na watu wa Vuga awe mkuu wao.

Basi twawasihi waalimu wasingoje darasa la historia. Chaki, ubao, vipande sita vya karatasi na mzee mmoja wa kijijini vyatosha kwa kuanza. Mtoto aliyezoea kuuliza «Kisha ikawaje?» na «Nani asema?» hatashindwa na miaka na majina atakapokua.