Mchoro wa 1968 Juu ya Ng'ambo

Bibi yangu anakaa Michenzani, ghorofa ya tatu, katika mojawapo ya yale majumba marefu ambayo watu huyaita kwa namba. Tangu nikiwa mdogo, akitaja maisha ya kabla ya fleti husema "kule kwetu," na mkono huelekea dirishani. Ukiufuata mkono unaona uwanja wa magari, nyuma yake jumba jingine lenye nguo zilizoanikwa, basi. Nilikua nikiamini kwamba nyumba yao ya udongo iko chini ya lile jumba. Sikuuliza zaidi, mpaka kazi iliponilazimisha.

Mimi ni mpima ardhi. Tulitakiwa kupiga picha za angani za Michenzani na mitaa inayoizunguka, kwa droni, ili kilichojengwa kilinganishwe na kilichochorwa: upana wa barabara, nafasi baina ya majumba, mitaro ya maji ya mvua. Zanzibar si ngeni kwa kazi hizi. Mwaka 2016 ulianza mradi mkubwa wa kuipiga picha Unguja na Pemba kwa droni, chini ya Kamisheni ya Ardhi, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakafundishwa kuzirusha. Sisi tuliokuja baadaye tulikuta njia imeshafyekwa.

Sehemu kubwa ya safari ya droni hufanyika mezani. Unachora mpaka wa eneo juu ya picha ya setilaiti, unachagua urefu (sisi tulichagua mita 100), kisha programu inajaza mistari ya kwenda na kurudi kama mtu anayelima matuta, kila picha ikipandana na iliyotangulia kwa asilimia 75 au zaidi ili baadaye ziungane. Ukiweka mchoro wa usanifu juu ya picha hiyo, ukaufifisha mpaka ukaona chini yake, unapata msaada mwingi. Unajua mistari ielekee wapi ili ifuate majumba badala ya kuyakata mshazari. Unajua wapi pana uwazi wa kurukia na kutua. Na unajua eneo liishie wapi. Hilo la mwisho ndilo lililonitia aibu.

Mchoro wenyewe ulikuwa nakala ya skani ya karatasi moja ya zama za mpango wa 1968. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki kabla ya nchi nyingine yoyote ya Afrika, na miongoni mwa misaada iliyofuata yalikuwa majumba ya fleti. Ya Kikwajuni yalikuwa miongoni mwa ya mwanzo. Kisha mpangaji miji kutoka huko, Hubert Scholz, akauchora mji. Katika mpango wake Ng'ambo, yaani mitaa ya nyumba za udongo na miti iliyokuwa upande wa pili wa hori la bahari, ilitakiwa iondoke sehemu kubwa na mahali pake pakae majumba ya ghorofa. Hori lilikuwa limeshafukiwa zamani. Limebaki jina la Darajani.

Rais Abeid Amani Karume alilipenda wazo hilo. Miaka ya 1970 ilipoanza, Michenzani ikawa machimbo ya misingi. Watu walichimba kwa kazi za kujitolea, na wazee wakikwambia neno hilo, kujitolea, huwa wanatabasamu upande mmoja. Yakasimama majumba ya takriban mita 300 kila moja, kando ya barabara mbili pana zinazokutana kwenye mzunguko. Karume aliuawa Aprili 1972. Ujenzi uliendelea baada yake, lakini sehemu kubwa ya ule mpango ilibaki karatasini.

Scholz hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Kabla yake alikuwapo Lanchester mwaka 1923, kisha Kendall mwaka 1958; baada yake wakaja Wachina, mpango wao ukakamilika mwaka 1982. Michoro minne katika muda usiofika miaka 60. Ng'ambo imechorwa na wageni mara nyingi kuliko ilivyowahi kuulizwa, na Mji Mkongwe ulipoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, Ng'ambo yenyewe ilibaki nje.

Sasa aibu yangu. Mchoro wa karatasi haujui uko wapi duniani. Lazima uufunge kwenye ramani kwa vitu vinavyoonekana kote kuwili, mchoroni na kwenye picha ya setilaiti, ambavyo havijahama. Nilitafuta nikapata vitatu safi kabisa: soko la Darajani, lililojengwa 1904, kanisa la Waanglikana la Mkunazini, na jumba la makumbusho la Beit el Amani pale Mnazi Mmoja, lililofunguliwa 1925. Nikabonyeza. Programu ikaniandikia kosa: sifuri.

Ningepaswa kuishtukia ile sifuri. Kwa hesabu tuliyoitumia, pointi tatu hutoa sifuri siku zote, hata ukizibonyeza umefumba macho, kwa sababu hakuna pointi ya nne ya kuzikosoa. Isitoshe, vitu vyangu vitatu vimejipanga karibu mstari mmoja, ukifuata barabara iliyopita juu ya lile hori la zamani. Mchoro ulishikwa barabara upande wa magharibi, na upande wa mashariki ukaachwa ukicheza kama mlango kwenye bawaba. Kila ulivyokwenda mbali na Mji Mkongwe ndivyo ulivyozidi kuyumba.

Tukaruka asubuhi, kabla ya upepo. Picha zilipounganishwa, ukingo wa mashariki ulikuwa umekata safu nzima ya nyumba katikati: mapaa nusu, nyua nusu. Mpaka niliouchora kwa kuuamini mchoro ulikuwa umepotea kwa mita 38.

Mwenzangu akashauri tuufunge mchoro kwenye majumba ya Michenzani yenyewe, si yanaonekana? Yanaonekana, ndiyo, lakini ndiyo tuliyokuja kuyapima. Ukiufunga mchoro kwenye majumba, umeshajiambia kwamba yalijengwa palepale yalipochorwa, na kazi imekwisha kabla haijaanza. Nilihitaji kitu cha Ng'ambo kilichokuwapo kabla ya 1968 na kipo mpaka leo. Chini ya majumba mapya, mchoraji alikuwa ameacha kwa wino hafifu mistari ya ramani ya zamani: vichochoro, viboksi vidogo visivyo na majina. Kipi msikiti, kipi nyumba, sikuweza kujua.

Nikampelekea bibi kishikwambi.

Alikikataa kwanza, akasema macho hayana kazi tena. Kisha akavaa miwani. Nilimwonyesha Darajani, akaifuata njia kwa kidole, taratibu, akitaja majina ya watu badala ya mitaa: kwa fulani fundi cherehani, kwa fulani muuza urojo. Akasimama kwenye kiboksi kimoja. "Huu msikiti wetu. Huu haukuvunjwa." Akasogea kidogo. "Na hiki kisima. Kimefunikwa, lakini ukingo wake upo, watoto wanaukalia."

Nilikwenda kuvipima vyote viwili kwa mguu siku ile ile. Nikaongeza msikiti mwingine aliouonyesha na pembe ya nyumba moja kongwe ya mawe. Pointi saba sasa, na kosa halikuwa sifuri tena: mita 4 na kitu. Nililifurahia kosa hilo kuliko ile sifuri. Mchoro ukazunguka kidogo, ukatulia.

Hapo ndipo nilipoona kwamba baadhi ya majumba ya karatasini hayapo, na kwamba jumba lililo mbele ya dirisha la bibi limekaa kando ya pale lilipochorwa. Nikamuuliza nyumba yao ilikuwa wapi kutoka kwenye kisima. Akahesabu milango. Wa nne.

Mlango wa nne uliangukia kwenye ule uwanja wa magari. Juu yake mchoro unaonyesha jumba ambalo halikujengwa kamwe. Nilihesabu tena, nikatoa mita 4 huku, nikaongeza mita 4 kule. Bado uwanjani.

Nilifikiri nisimwambie. Kwa miaka yote hiyo alikuwa na lile jumba la kulielekezea mkono. Angalau nyumba ilivunjwa, kukajengwa kitu. Lakini yeye ndiye aliyenipa kisima.

"Ni hapo uwanjani, bibi. Hapakujengwa kitu."

Alinyamaza. Akavua miwani, akaifuta kwa pembe ya kanga, akaivaa, akatazama nje, si kwenye kishikwambi. "Pale penye ile gari nyeupe?"

"Karibu na hapo."

"Basi baba yako ana kawaida ya kuegesha chumbani kwangu," akasema.

Tuliruka tena wiki iliyofuata. Nilisogeza mpaka mashariki, nikaongeza mistari miwili ili zile nyumba zilizokatwa ziingie nzima. Kwenye picha moja yupo dirishani, doa dogo la kanga. Na uwanjani, pale nilipopahesabu, baba hajaegesha.