Ndege iko sawa mpaka swichi ya mwisho. Mtaa je?

Kuna wasee huko Ulaya na Marekani wamenunua pua nzima ya Boeing 737 iliyostaafu, wakaiingiza kwenye gereji ya nyumbani na kuunganisha kila swichi na kompyuta. Si mchezo. Wale hawana doo ya kununua pua ya ndege wanajenga chumba cha rubani kwa mbao, swichi baada ya swichi, miaka nenda miaka rudi. Mtu akitaka kutoka London hadi Nairobi anakaa pale zaidi ya saa nane, muda uleule wa ndege ya ukweli. Injini haiwaki mpaka orodha ya ukaguzi iishe. Na hawezi kujitokea tu kwenye njia ya kurukia. Kuna mtandao unaitwa VATSIM, ulianza 2001, ambako watu wa kujitolea wanakaa nyumbani kwao wakifanya kazi ya kuongoza ndege bila kulipwa hata bob. Lazima uombe ruhusa kwa lugha ya marubani. Ukiropoka unarekebishwa.

Mimi naheshimu hiyo hobi kabisa. Lakini nikiangalia historia yake kutoka mtaani, kutoka Kibera na Kawangware, naona kitu ambacho wengi hawakisemi. Karibu miaka mia moja watu wametafuta uhalisia ndani ya ndege. Ardhi iliyo chini ya ndege ilikuwa pambo tu. Na ardhi yetu ilikuwa pambo la mwisho kukumbukwa.

Tuanze mwanzo.

1929, jimbo la New York, mji wa Binghamton. Kijana anaitwa Edwin Link, babake ana kiwanda cha kutengeneza vinanda. Link anapenda ndege lakini masomo ya urubani ni ghali. (Inaonekana hii shida haikuanza na sisi.) Anachukua mivukuto ya vinanda, ile mifuko inayojaa na kutoa hewa, na kuitumia kuinamisha kijindege kidogo kisichoenda popote. Unakaa ndani, unasukuma usukani, kinainama kama ndege. Mwanzoni jeshi halikujali. Wateja wengi walikuwa bustani za burudani, watu wanaingiza sarafu wanabembea. Yaani simuleta ya ndege ilianza maisha kama gemu ya kulipia, kama ile pleisteshen ya mtaani.

Halafu 1934 jeshi la Marekani likapewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege. Marubani wao hawakuwa wamezoea kuruka usiku na kwenye ukungu, wakaanza kuanguka na kufa. Maofisa wakaitana mkutano na Link huko Newark. Siku hiyo ukungu ulikuwa mzito, wakadhani hatakuja. Akatua, akiwa anaangalia mita zake tu. Wakanunua mashine sita. Vita Vikuu vya Pili vilipoisha zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya 10,000.

Sasa angalia vizuri. Masomo ya vyombo kwenye mashine ya Link yalifanywa chini ya kifuniko. Unakifunga juu ya kichwa chako, uone mita na sindano tu. Hakukuwa na nje. Na hiyo ilikuwa sawa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kukufundisha kuruka bila kuona. Lakini tabia ikabaki: uhalisia ukawa na maana ya mita sahihi, swichi sahihi, usukani mzito vile unavyofaa. Mandhari baadaye.

Simuleta ya nyumbani ikaja na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois anaitwa Bruce Artwick, rubani pia. Tasnifu yake ya 1975 ilikuwa juu ya kuonyesha urukaji kwenye skrini ya kompyuta. Kufikia 1980 programu yake ilikuwa inacheza kwenye Apple II. 1982 Microsoft wakaitoa kwa jina lao. Ulimwengu wake ulikuwa mistari na rangi chache, sehemu chache tu za Marekani, na ulikuwa unaanzia kiwanja cha Meigs, Chicago, kando ya ziwa. Watoto wa dunia nzima walijua majengo ya Chicago kabla ya kujua Chicago iko wapi. Chicago ilipata uhalisia kwanza kwa sababu aliyechora alikuwa anatoka pande zile. Hakuna ubaya hapo. Mtu huchora anachokijua.

Baadaye dunia nzima ikaingia ndani. Lakini iliingiaje? Hakuna kampuni inaweza kuchora kila nyumba kwa mkono, kwa hivyo toleo la Flight Simulator 2002 likaleta mbinu ya kompyuta kujipandia nyumba na miti yenyewe. Kompyuta inaambiwa "hapa ni mji", inamwaga nyumba za mji. Inaambiwa "hapa ni msitu", inamwaga miti. Haijui nani anaishi pale. Inafuata kile ambacho ramani imesema.

Basi sisi ramani ilisema nini?

Neno Kibera linatoka kwa Kinubi, "Kibra", maana yake msitu. Askari Wanubi wa King's African Rifles ndio walipewa kukaa pale mwanzoni mwa karne ya 20. Msitu ukaisha, watu wakajaa, ikawa Laini Saba, Lindi, Makina, Kianda, Gatwekera, Soweto. Lakini hadi 2009, ukifungua ramani za mtandaoni, Kibera ilikuwa karibu tupu. Reli inapita, barabara kubwa zinazunguka, katikati hakuna kitu. Na ng'ambo tu ya Langata Road ni Wilson, kiwanja kilichopewa jina la Florence Kerr Wilson, mama aliyeanzisha Wilson Airways mwaka huohuo wa 1929 ambao Link alikuwa anacheza na mivukuto yake. Wilson imejulikana na ulimwengu wa ndege tangu zamani. Ina kodi yake, HKNW. Ina vipimo vya njia zake. Iko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, na simuleta nzuri inajua hewa ya huku juu ni nyepesi, kwa hivyo ndege yako itakula njia ndefu kabla ya kunyanyuka, na lazima upunguze mafuta kwenye mchanganyiko injini isikohoe.

Unaona hiyo stori? Mashine ilijua uzito wa hewa ya Wilson. Haikujua jirani yake.

Novemba 2009 ndipo mambo yakabadilika, na waliobadilisha si watengenezaji wa gemu. Ulianza mradi unaitwa Map Kibera. Vijana 13 wa Kibera wakapewa vifaa vya GPS na mafunzo, wakaanza kutembea. Walipita vichochoro, wakaweka alama: bomba la maji hapa, choo hapa, kliniki, shule, kanisa, msikiti. Kila kitu wakakiweka kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuongeza na kurekebisha. Ndani ya wiki chache ile sehemu tupu ikajaa. Lengo lao halikuwa ndege hata kidogo. Walitaka mtaa ujulikane una nini na umekosa nini.

Lakini cheki kilichofuata. X-Plane 10 ilipotoka mwishoni mwa 2011, barabara zake zilitolewa OpenStreetMap. Ikimaanisha kwamba njia iliyochorwa na kijana mwenye viatu vya matope ingeweza kuishia chini ya ndege ya mzee mmoja Ujerumani anayekagua taa zake za kutua.

2020 ikaja Microsoft Flight Simulator mpya, ya studio ya Asobo kutoka Ufaransa. Hii ilikuwa kitu kingine. Picha za setilaiti za dunia nzima, viwanja zaidi ya 37,000, majengo bilioni 1.5 yaliyokisiwa na kompyuta kutokana na picha za juu na data za ramani. Watu wakasema uhalisia umefika mwisho. Kisha wakaenda London wakakuta Buckingham Palace, nyumba ya Malkia, imegeuzwa jengo la ofisi. Mashine ilikisia vibaya. Halafu Melbourne, Australia, mtaa wa nyumba za kawaida, kukasimama mnara mwembamba wa ghorofa 212 peke yake. Kwa nini? Mtu aliyekuwa akichora OpenStreetMap alitaka kuandika ghorofa 2, kidole kikateleza kikaandika 212. Dunia ilicheka, na mimi nilicheka. Lakini hiyo ni darasa kubwa. Inaonyesha chini ya ule uhalisia wote wa mabilioni kuna vidole vya watu wa kawaida. Kidole kimoja kinaweza kusimamisha mnara. Vidole vya watu 13 vinaweza kusimamisha mtaa.

Sasa najua kuna mtu atasema: buda, hii ni gemu ya ndege, nani ana shughuli na mabati yenu? Rubani anahitaji njia ya kutua, basi.

Si kweli, hata kwa vigezo vyao wenyewe. Rubani anayeanza kujifunza anaruka kwa macho. Anajua alipo kwa kutazama reli, bwawa, barabara, mahali miti inaishia na mabati yanaanza. Kutoka juu, mpaka wa Kawangware na Lavington unaonekana wazi kuliko alama yoyote: upande mmoja bustani na vigae, upande wa pili paa zimebanana mpaka mashine inashindwa kujua nyumba moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Kwa rubani wa macho, ardhi nayo ni chombo cha kusomea. Ukikagua swichi 200 halafu ardhi iwe ya uongo, umebakisha kazi.

Na kuna jambo zito zaidi ya hobi. Julai 2018 tingatinga ziliingia Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Langata. Nyumba zikaenda, shule zikaenda, maelfu ya watu wakabaki nje. Ile barabara ilikuwa imechorwa kwenye mipango kitambo. Mstari wa barabara ulikuwa kwenye karatasi, na waliokaa juu ya mstari hawakuhesabika kwa uzito uleule. Sisemi ramani ya OpenStreetMap ingezuia tingatinga. Nasema mahali panapoonyeshwa patupu ni rahisi kupapitia juu, iwe kwa Cessna ya kompyuta au kwa tingatinga la chuma. Na ukiwa na picha ya setilaiti iliyopigwa kabla ya mwezi ule, unaweza kuruka leo juu ya nyumba ambazo hazipo, na mashine itakuambia huo ndio ukweli. Uhalisia una tarehe. Usipoangaliwa unaoza.

Kwa hivyo nikiulizwa hawa wapenzi wa simuleta wanafika mbali kiasi gani, jibu langu ni: wanafika mbali sana ndani ya chumba cha rubani, na nje wanafika pale tu ambapo mtu aliwatangulia kwa miguu. Pua ya 737 inanunuliwa. Kichochoro cha Gatwekera hakinunuliwi, lazima mtu akijue.

Na huyo mtu ni sisi. Kufika angani kwa leseni ni mamilioni ya shilingi, na saa za simuleta ya nyumbani hazikubaliwi kwenye daftari la rubani kama saa za ndege. Hata kompyuta yenyewe yenye nguvu ya kubeba hiyo gemu si ya kila keja. Lakini FlightGear ni ya bure, na inakubali mashine ya kawaida ukipunguza urembo wake. Na kuchora ramani kunahitaji simu, bando kidogo na macho. Kama unakaa Kawangware, fungua OpenStreetMap leo, tafuta ploti yenu. Ona kama ile njia unayopita kila siku kutoka stage ya 46 ipo. Ona kama zahanati ina jina, kama shule imewekwa mahali pake. Ikikosekana, iongeze. Ukiweka idadi ya ghorofa, angalia kidole.

Ndege ndogo zinatupita juu kila siku zikienda Wilson. Wengine wetu tutaziendesha siku moja, wengi hatutaziendesha. Lakini mtu yeyote anayepita juu yetu, awe na mabawa ya chuma au ya pikseli, anafaa akiangalia chini aone watu wanaishi hapa.