Filme za HD: Inafaa kununua televizyo mpya?

Picha ya DVD iko na mistari 480 ao 576. HD 720, Full HD 1080. Lakini kama filme yenyewe ni ya DVD, televizyo mpya haiwezi kuongeza kile ambacho hakimo. "La Vie est belle" (1987) ya Papa Wemba ilipigwa kwa utepe wa sinema, basi inaweza kutolewa upya kwa HD. Zilizopigwa kwa kaseti ya VHS zinabaki na ukungu.

Kwa ekra ya inchi 32, ukikaa metre tatu, HD na Full HD zinaonekana karibu sawa.

Faida kubwa ni moto: LED inakula kidogo kuliko televizyo ya kisogo, na hiyo inasaidia nyumba ya sola. Mbele ya kulipa, ujaribu flashi yako mwenyewe.