Uchanganuzi wa maungio ya bolti

Uchanganuzi wa maungio ya bolti ni hesabu ya uhandisi inayotafuta mzigo wa kila bolti pale ungio linapopata kani na momenti kwa pamoja. Momenti ni kani mara umbali wake kutoka mahali inapopindishia.

Mfano ni nguzo ya chuma ya taa au bango, kama zinazosimama kando ya barabara za Sinza, Dar es Salaam. Shina lake huwa na bamba lililofungwa kwa bolti zilizozamishwa kwenye zege. Tuchukue bolti nne zilizopangwa kwa mraba wa milimita 300, zenye nati juu na chini ya bamba. Nguzo ina uzito wa kN 2, na upepo unaisukuma kwa kN 1.5 kwenye kimo cha mita 6. Momenti ni 1.5 × 6 = kNm 9.

Kani ya kukata hugawanywa kwa nne: takriban kN 0.4 kwa kila bolti, kiasi kidogo tu. Momenti ndiyo yenye kazi. Bolti mbili za upande unakotoka upepo huvutwa kwa 9 ÷ 0.3 = kN 30, yaani 15 kila moja; uzito hupunguza 0.5, zinabaki 14.5.

Wanafunzi wengi huishia hapo. Lakini upepo ukivuma kufuata ulalo wa mraba, bolti moja ya pembeni huvutwa peke yake. Ulalo ni milimita 424, hivyo 9 ÷ 0.424 = kN 21.2, ukitoa uzito, 20.7. Bolti huchaguliwa kwa hali hii mbaya zaidi.

Bango likitokeza upande mmoja, upepo huizungusha nguzo pia, na kani ya kukata huongezeka.

Bolti inayovutwa na kukatwa kwa pamoja hupimwa kwa mambo yote mawili. Kanuni ya Ulaya EN 1993-1-8 hujumlisha uwiano wa kukata na uwiano wa kuvuta uliogawanywa kwa 1.4, jumla isizidi 1.

Hesabu hizi hudhani nati zote zipo. Nati ya juu ya bolti moja inayovutwa ikiibwa au kuliwa na kutu, katika upepo ule wa kwanza mwenzake hubeba kN 29 badala ya 14.5.