Sayansi ya Kusahau, na Jinsi Tulivyoisahau

Miaka ya 80, kupatikana na mwakenya mfukoni kungekupeleka jela. Mwakenya lilikuwa jina la Muungano wa Wazalendo wa Kukomboa Kenya, kundi la siri lililoipinga serikali ya Moi, na vijikaratasi vyake vilisomwa usiku na kufichwa mchana. Kundi lilipotea, jina likabaki. Leo mwakenya ni kile kikaratasi chenye herufi ndogo kama sisimizi, kinachoingia kwenye chumba cha mtihani ndani ya soksi. Kosa limebadilika, adhabu imebadilika, lakini karatasi bado ni ndogo na mwenye nayo bado anatokwa na jasho.

Panda matatu ufuate Thika Road. Utapita Kenyatta University pale Kahawa, Zetech pale Ruiru, JKUAT pale Juja, kisha ufike Mount Kenya University mjini Thika. Barabara moja, vyuo vikuu vinne, na njia moja ya kusoma. Muhula unaanza polepole, wiki zinapita, halafu mtihani ukikaribia watu wanapiga trans: usiku kucha, madaftari ya muhula mzima kwa mkupuo. Asubuhi wanaandika. Baada ya mwezi, waulize walichoandika, watakucheka tu.

Hawa si wajinga. Wala si wavivu, maana mvivu hawezi kukesha siku nne mfululizo. Kinachokosekana ni ratiba. Na kuhusu ratiba ya kurudia masomo kuna sayansi yenye umri wa zaidi ya miaka 130, ambayo Kenya iliijaribu mapema kuliko nchi nyingi, tena kwa watoto wa darasa la kwanza, kwa kutumia redio. Ilifanya kazi. Kisha tukaisahau.

Tuanze na Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus. Mtu huyu alijifanyia majaribio mwenyewe kwa miaka. Alitunga silabi zisizo na maana yoyote, ili asisaidiwe na kitu alichokijua tayari, akazikariri kwa orodha, akapima alivyozisahau. Mwaka 1885 alichapisha matokeo. La kwanza: kusahau hakungoji. Sehemu kubwa inatoroka saa za mwanzo, halafu mwendo unapungua. La pili ndilo linalotuhusu zaidi: kurudia orodha mara 68 kwa siku moja kulimfaidi sawa na kuirudia mara 38 tu zilizogawanywa kwa siku tatu. Kazi karibu nusu, faida ileile. Haba na haba hujaza kibaba, na kumbe kibaba chenyewe kinajaa haraka zaidi ukiachia nafasi kati ya haba na haba.

Watu wa Pwani hawakumngoja Ebbinghaus awaambie. Kwenye vyuo vya Kurani, anayehifadhi msahafu hajifunzi aya za leo na kuziacha za jana. Kila siku ana sehemu mpya na sehemu ya zamani, na huko kurudia kuna jina lake, muraja'a. Alichokileta Ebbinghaus ni hesabu. Akishakuja na hesabu, mtu mwingine anaweza kuja na mashine.

Huyo mtu mwingine ni Patrick Suppes. Alizaliwa Tulsa, Oklahoma, mwaka 1922, akawa mtabiri wa hali ya hewa jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1950 akapata shahada ya udaktari Columbia kisha akaenda kufundisha Stanford. Alikuwa mwanafalsafa. Alipenda mantiki, hisabati na maswali ya jinsi sayansi inavyojua inachokijua. Mtu wa aina hiyo humtarajii kushinda na watoto wa miaka sita wanaojumlisha mbili na tatu, lakini huko ndiko kazi yake ilikompeleka.

Mwaka 1963, yeye na Richard Atkinson, mwanasaikolojia wa kumbukumbu, walianza mradi wa kufundisha kwa kompyuta pale Stanford. Kufikia 1966 watoto wa darasa la kwanza katika shule moja ya East Palo Alto walikuwa wakipokea masomo kutoka kwa mashine. Ubora wa kompyuta haukuwa rangi wala sauti. Ilikuwa na subira, na iliweza kukumbuka kwa niaba ya mwalimu: mtoto huyu alikosea wapi, lini, na arudishiwe swali hilo siku gani. Mwalimu mwenye watoto 50 hawezi kuweka hesabu hiyo kichwani.

Mwaka 1972 Atkinson alichapisha jaribio ambalo kila mwanafunzi anafaa kulijua. Watu walijifunza maneno ya Kijerumani. Wengine waliletewa maneno bila mpango, wengine walijichagulia ya kurudia, na wengine walichaguliwa na kompyuta kulingana na makosa yao. Siku ya kujifunza, waliopangiwa na kompyuta walionekana wa nyuma, kwa sababu kila mara walikuwa wanabanwa na maneno yaliyowashinda. Wiki moja baadaye walipopimwa tena, wao ndio waliokuwa mbele. Weka jambo hilo akilini, tutalirudia.

Tatizo lilikuwa bei. Kompyuta ya miaka hiyo haingeweza kufika kijijini. Basi kikundi cha Stanford kikauliza swali la maana: katika haya yote, ni nini kinachohitaji mashine ghali, na ni nini kinachoweza kubebwa na kitu cha bei nafuu? Kumjua kila mtoto kunahitaji kompyuta. Lakini kupanga mazoezi yarudi kwa vipindi kunahitaji tu mwandishi makini wa vipindi, na redio ya betri.

Mwaka 1974 walianza kufundisha hisabati kwa redio Nicaragua, katika eneo la Masaya, kwa fedha za USAID. Kipindi hakikuwa hotuba. Redio iliuliza, ikanyamaza sekunde chache, watoto wakajibu kwa sauti au kwa penseli, redio ikatoa jibu. Na hakikuwa na mada moja. Dakika chache za kujumlisha, dakika chache za kupima, kisha kitu cha wiki iliyopita, kisha kitu kipya. Mada ilionja leo, ikapumzika, ikarudi. Walipolinganisha, madarasa ya redio yaliyapita madarasa ya kawaida, yakayapita hata yale yaliyopewa vitabu. Mwaka 1979 mapinduzi yakaja Nicaragua, na mradi ukafika mwisho.

Hapo ndipo Kenya inapoingia. Redio ya elimu haikuwa ngeni kwetu. Tangu miaka ya 60 walimu walikuwa wakijiendeleza kwa kozi za posta na redio, na Sauti ya Kenya ilikuwa ikirusha vipindi vya shule. Mwanzoni mwa miaka ya 80, Kenya Institute of Education, taasisi tunayoiita KICD leo, ilishirikiana na Wamarekani, tena kwa fedha za USAID, katika Radio Language Arts Project. Safari hii somo lilikuwa Kiingereza, kwa darasa la kwanza hadi la tatu.

Kwa mtoto wa kijijini, Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu. Nyumbani anaongea lugha ya mama, sokoni Kiswahili, na Kiingereza anakikuta ubaoni. Anakisoma kama somo miaka mitatu ya kwanza, halafu darasa la nne kinageuka kuwa lugha ya masomo mengine yote. Asiyekishika kufikia hapo anapoteza hesabu, sayansi na jiografia kwa pamoja. Anayejua shule zetu anamkumbuka mtoto wa aina hiyo, amekaa nyuma, kimya, akionekana mzito wa akili kumbe mlango tu umefungwa.

Kipindi kilichukua nusu saa kila siku ya shule. Mwalimu hakuondolewa, alibaki darasani, akionyesha ubaoni, akifuata maelekezo. Redio ilisema, watoto wakajibu, wakaimba, wakasimama, wakagusa mlango, wakasoma sentensi. Sentensi ya Jumatatu ilirudi Alhamisi ikiwa imevaa nguo nyingine. Tathmini ikaonyesha kwamba waliosoma kwa redio waliwashinda wenzao wa madarasa ya kawaida katika kusikiliza na kusoma. Lesotho wakayachukua masomo ya Kenya, wakayarekebisha, wakayatumia. Baadaye Afrika Kusini nayo ikafuata njia hiyo.

Kwetu? Mradi uliisha mwaka 1985. Mwaka huohuo 8-4-4 ilianza, mtaala mpya, vitabu vipya, na mtihani mpya, KCPE. Masomo yale ya redio hayakupata makao ya kudumu kwenye shule zetu. Mtihani ndio uliopata makao, na kwa karibu miaka 40, hadi KCPE ya mwisho mwaka 2023, nyumba nyingi zilipanga maisha ya mtoto kulizunguka juma moja la mwisho wa mwaka.

Kuna jambo lingine la 1985, na lilitokea hapahapa Ruiru. Kituo cha utafiti wa kahawa kilitoa aina mpya, Ruiru 11, baada ya zaidi ya miaka kumi ya kuchanganya miche ili kupata mkahawa unaohimili ugonjwa unaoozesha matunda yakiwa bado mabichi. Ruiru 11 bado iko mashambani. Mbegu ilikuwa na kituo, shamba, wafanyakazi wa kudumu, na wakulima walioisubiri. Somo la redio lilikuwa na mfadhili na tarehe ya mwisho. Ujuzi pia ni kama mkahawa: usipokuwa na mtu wa kuupalilia kila msimu, unaliwa na magugu hata kama ni mbegu bora. Ndivyo ilivyotokea kwamba sayansi ya kusahau ikasahauliwa yenyewe, kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kuirudia.

Tangu hapo tumependa vifaa kuliko ratiba. Kuanzia mwaka 1996, watafiti wakiwemo Paul Glewwe na Michael Kremer, huyu wa pili akaja kushinda Nobel ya uchumi mwaka 2019, waligawa vitabu katika shule za Busia na Teso. Alama za wanafunzi wa wastani hazikupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa mbele tayari. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na wengi hawakuweza kuvisoma vizuri. Ni yuleyule mtoto wa lugha ya tatu, miaka kumi baada ya redio kunyamaza.

Kisha zikaja tableti. Ahadi ya kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza ilitolewa kwenye kampeni za 2013, na vifaa vikaanza kufika shuleni 2016. Mmoja wa waliopewa kandarasi ni JKUAT pamoja na mshirika wake, kwa hivyo baadhi ya tableti hizo ziliunganishwa pale Juja, katikati ya Ruiru na Thika. Ni jambo la kujivunia. Lakini swali la Suppes halijafutika: kilichomo ndani kitarudi lini kwa mtoto? Tableti isiyojua jibu hilo ni kitabu chenye taa.

Wapo waliokaribia jibu. Eneza Education ilianzishwa 2011, na huduma yake ya Shupavu 291 ikapeleka masomo na maswali kwa ujumbe mfupi, hata kwenye kabambe. Watafiti wa Cornell, akiwemo René Kizilcec, wamechambua jinsi Wakenya walivyoitumia, hata Covid ilipofunga shule mwaka 2020. Simu ina kitu ambacho redio haikuwa nacho: inajua ni nani amejibu nini. Ile kazi iliyohitaji kompyuta ya Stanford mwaka 1966 sasa inaingia mfukoni.

Mbona basi bado tunapiga trans? Kwa sababu kukesha kunadanganya vizuri. Ukisoma ukurasa mara tano kwa usiku mmoja, mara ya tano unateleza kama maji, na unaona umeelewa. Mwaka 2008 Nate Kornell na Robert Bjork waliwaonyesha watu michoro ya wasanii mbalimbali, mingine kwa mkupuo msanii mmoja mmoja, mingine ikichanganywa. Wengi walijifunza vizuri zaidi kwa kuchanganya, na wengi wao wakasema mkupuo ndio uliowasaidia. Ni lile jambo la Atkinson: njia inayokufaa inakufanya ujione mjinga leo. Na mfumo unaokupima kesho asubuhi tu, kisha usikuulize tena maisha yako yote, unakuunga mkono katika uongo huo. Mwakenya ni hatua ya mwisho ya mantiki hiyo. Ikiwa kichwa kinatakiwa kubeba mzigo kwa saa tatu pekee, hata soksi inatosha.

Tatizo ni kwamba daktari atakayekutibu Thika Level 5 hatakuwa na soksi. Anachohitaji ni kile kilichobaki kichwani miaka mitano baada ya mtihani.

Hesabu zenyewe si ngumu. Katika utafiti mkubwa wa Nicholas Cepeda na wenzake, wa mwaka 2008, uliohusisha watu zaidi ya 1,350, pengo bora la kurudia lilitegemea muda unaotaka kukumbuka. Kwa siku 7, rudia baada ya siku moja hivi. Kwa siku 35, baada ya kama siku 11. Kwa karibu mwaka mzima, baada ya kama wiki tatu. Na ukirudia, usisome tena. Funga daftari, jiulize, jibu, ndipo ufungue uone. Redio ilifanya hivyohivyo: iliuliza, ikanyamaza, ikangoja. Hizo sekunde za kimya ndizo zilizokuwa somo.