Probiotiki si dawa ya kware

Mfugaji wa kware wa Bukoba au Muleba akiuziwa unga wa kutia kwenye maji ya vifaranga, ni rahisi auite dawa, maana karibu kila unga unaoingia kwenye maji ya kuku huitwa hivyo. Kware ameshaumizwa na neno hilo: nchini Kenya, kati ya 2013 na 2014, mayai yake yalivumishwa kuwa dawa ya kila maradhi, watu wakakimbilia kufuga, kisha soko likaporomoka. Kwa probiotiki jina hilo huleta hasara ya namna nyingine. Dawa iliyozoeleka bandani, kama oksitetrasaiklini, ni kiuavijasumu: huua bakteria au huwazuia wasizaane. Probiotiki ni bakteria wenyewe, au hamira, wanaopelekwa tumboni wakiwa hai. Anayevitia vyote viwili kwenye ndoo moja amenunua bakteria, kisha akanunua na cha kuwaua.

Mwaka 2001 wataalamu walioitwa na FAO na WHO walikutana Córdoba, Argentina, wakaieleza probiotiki kuwa vijidudu hai ambavyo, vikitolewa kwa kiasi cha kutosha, humnufaisha anayevipokea. Masharti hapo ni uhai, kiasi na manufaa. Jina “bakteria rafiki”, ambalo wengi hulipenda, hubeba manufaa peke yake, tena huiacha nje hamira, ambayo ni kuvu. Ndiyo maana naona heri tubaki na probiotiki, kama tulivyobaki na vitamini na protini bila mfugaji yeyote kulalamika. Atakayeuliza kwa nini tusiseme tu “vijidudu hai vya manufaa” nitamwelekeza kwenye rubisi, pombe ya ndizi. Juisi ya ndizi mbivu huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, ikachachushwa na vijidudu vilivyo hai kabisa. Je, machicha yake ni probiotiki ya kware? Huenda yana faida yake kama chakula, lakini hakuna anayejua yamebeba vijidudu vipi, vingapi, wala vitamfanyia nini ndege, na pombe nayo imo.

Hoja ya kumpa kware vijidudu ina msingi. Kifaranga wake huanguliwa baada ya siku 17 hivi, akiwa na gramu 7 au 8, na akitoka kwenye mashine hajapata kugusana na mama wala kinyesi chake. Utumbo wake ni kama daladala tupu: wanaotangulia ndio wanaokaa. Mwaka 1973, watafiti Nurmi na Rantala wa Finland waliwapa vifaranga wa kuku vijidudu vya utumbo wa kuku wakubwa, na salmonela ikashindwa kujikita. Bakteria wa jamii ya Lactobacillus huongeza na asidi, ambayo wengi wa wabaya hawaipendi. Kando ya ziwa, huko Bukoba na Muleba, jambo hili lina uzito wake, kwa sababu kware mchanga anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 24 hivi, na dagaa wanaosagwa ili kuipata wakianikwa mchangani, ndege na mbuzi wakipita juu yao, salmonela huweza kufika bandani ndani ya chakula chenyewe.

Kwa ukuaji, ushahidi ni mchanganyiko. Majaribio mengine yameonyesha kware wakiongeza uzito, mengine hayakuona tofauti. Wenye shaka huona hapo biashara tupu. Mimi naona kwamba aina za vijidudu hutofautiana, na banda safi lenye chakula kizuri huacha nafasi ndogo ya kuboresha; anayeahidi kilo kwa kila pakiti ndiye wa kutiliwa shaka. Wala probiotiki haichukui nafasi ya tiba. Ugonjwa wa vidonda vya utumbo, unaoletwa na Clostridium colinum na kumshambulia kware kuliko ndege wengine wafugwao, ukizuka unahitaji daktari wa mifugo, na hapo kiuavijasumu kina kazi yake halali.

Kwenye lebo, jina la kijidudu ndilo la kusomwa kwanza. Bacillus subtilis hujifunga katika mbegu ngumu zinazohimili joto la kutengeneza chakula cha vidonge. Lactobacillus wengi hufa humo. Hawa hutiwa kwenye maji ya baridi yasiyo na klorini, ya kutosha saa chache tu, na yanayobaki humwagwa.