Nani Aliibadilisha Kesi ya Akayesu?

Kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa komuni ya Taba nchini Rwanda, ilipoanza kusikilizwa Arusha Januari 1997, hati ya mashtaka haikuwa na shtaka hata moja la ubakaji. Sheria haikuwa kimya: kifungu cha 3 cha sheria iliyounda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda kiliutaja ubakaji miongoni mwa makosa dhidi ya ubinadamu. Wala habari hazikukosekana, kwani mwaka 1996 René Degni-Ségui wa Umoja wa Mataifa alikadiria kuwa waliobakwa wakati wa mauaji ya kimbari nchini humo walikuwa kati ya 250,000 na 500,000. Aliyekosekana ni wa kuuliza. Hata hivyo, hukumu ya tarehe 2 Septemba 1998 ilitamka kuwa ubakaji unaweza kuwa njia ya kutekeleza mauaji ya kimbari, na sifa zikawaendea wanasheria. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya sifa hizo ni ya wanawake ambao wengi wao hawakuwahi kuvaa joho.

Anayepinga atanionyesha hukumu yenyewe: majaji waliandika kwamba hati ilirekebishwa Juni 1997 kutokana na ushahidi uliojitokeza wenyewe wa mashahidi wawili waliofichwa majina na kuitwa J na H, si kwa shinikizo la watu wa nje. Sawa. Lakini J na H ni akina nani kama si wanawake wa Taba? Na aliyewadadisi zaidi alikuwa Navanethem Pillay, mwanamke pekee kati ya majaji watatu. Mwezi mmoja kabla ya marekebisho, mashirika ya wanawake yalikuwa yameiandikia mahakama kuitaka isilifumbie macho suala hilo. Majaji haohao walikiri katika hukumu kwamba waliona jinsi mashirika yalivyolijali suala hilo. Tena hati mpya isingesimama bila wanawake wengine kukubali kusema mbele ya mtuhumiwa. Hapo ndipo ilipo kazi ya Godelieve Mukasarasi, aliyeanzisha shirika la SEVOTA mwishoni mwa 1994 kuwakusanya wajane na yatima, kisha akawatia moyo wanawake wa Taba waende Arusha. Mumewe, aliyekuwa amekubali kutoa ushahidi, aliuawa pamoja na binti yao Desemba 1996. Yeye hakuacha.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kifungo cha maisha cha Akayesu hakikumlisha mjane yeyote. Hilo ni kweli, na halipunguzwi makali na kutiwa hatiani kwa Pauline Nyiramasuhuko, aliyekuwa waziri wa familia na wanawake, mwaka 2011, kwa makosa yaliyojumuisha ubakaji. Mahakama ya Arusha haikuwa na uwezo wa kulipa fidia. Lakini pengo hilo ni la waliotunga sheria, si la waliotoa ushahidi. Mkataba wa Roma, uliopitishwa Julai 1998, uliipa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague, iliyoundwa na mkataba huo, uwezo wa kuamuru fidia, ila kwa makosa yaliyotendwa kuanzia Julai 2002 tu. Wanawake wa Taba hawamo.